Duka la mafuta nyuma ya soko la Marikiti, Mombasa: samli, siagi, mgando na nazi, yote nimeyapikia

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asisumbuke: duka ni zuri, samli ni ya kweli, mafuta ya nazi ni mazuri mno lakini si ya kila kazi, mgando, yaani yale mafuta magumu ya kupikia, ni wa kawaida kama wa kila mahali, na siagi msinunue hapo saa za mchana. Nampa nyota nne kwa tano. Aliye na nafasi akae tuelezane, manake wengi wetu tunaooka na kukaanga hapa Mombasa tunanunua mafuta kwa bei au kwa picha iliyo kwenye kopo, na kitu cha kuangalia ni kimoja tu, haya mafuta yanaganda na kuyeyuka kwenye joto gani. Ukilijua hilo utajua yafaa nini na hayafai nini, na hutamlaumu tena mwenye oveni.

Duka liko uchochoroni nyuma ya Marikiti, upande wa wauza viungo. Mwenyewe ni mtu mzima, sote twamwita Ami, na ameniomba nisitie jina lake wala namba yake ya simu humu kwahivo nimeheshimu, ukifika ulizia tu duka la samli utaoneshwa. Kitu ambacho sijakiona duka jingine lolote ni kwamba hakupimii kitu kabla hajakuuliza unapika nini. Ukisema "Shkamoo Ami, nataka mafuta kilo moja" atakujibu "Marahaba mwanangu, mafuta ya kupikia nini?" na usipokuwa na jibu atakungoja upate jibu, hata kama kuna foleni nyuma yako. Kuna watu wanakasirika. Mie nadhani hilo swali peke yake lina thamani ya safari.

Duka lenyewe ni dogo na lina kiza, na hicho kiza ndo kilichonifanya nimuamini. Maduka mengi mjini yanapanga chupa za mafuta mbele kabisa, juani, zinameta mteja azione, na mafuta yanaharibika hapo hapo polepole. Adui za mafuta ni mwanga, joto, hewa, na madini kama shaba. Oksijeni ya hewani inazivamia zile asidi za mafuta ambazo hazijashiba haidrojeni, pale penye udhaifu, na ikishaanza haisimami, molekuli moja ikiharibika inaharibu jirani yake na jirani anaharibu mwengine, mpaka siku unafungua chupa unakutana na harufu ya karanga zilizokaa. Mwanga unaiharakisha hiyo kazi, na pia unamaliza vitamini A, ambayo hapa Kenya tangu 2012 sheria inataka itiwe kwenye mafuta ya kula ya viwandani, kwahivo chupa iliyoota jua wiki nzima umeilipia vitamini ambayo imeshapungua. Kwa Ami samli iko kwenye madebe ya bati yenye vifuniko, mafuta ya nazi kwenye chupa za kahawia nyuma ya kaunta, na upawa wa kuchotea ni wa stili na unakaa mkavu. Nimemsikia akimkemea kijana wake kwa kuuosha ule upawa na kuurudisha debeni ukiwa unachuruzika maji, na ana haki kabisa, manake maji yakikutana na mafuta yanayavunja, asidi zinaachana na gliserini yake, ile inayozishika pamoja, na hapo ndo mwanzo wa kuchacha.

Haya, samli, ambayo ndo inawafanya watu wajae hapo mwezi wa Shaabani. Samli ni siagi iliyopikwa mpaka maji yake yote yakaondoka. Siagi ya kawaida ni kama asilimia 80 mafuta, 16 hivi maji, na kilichobaki ni protini na sukari za maziwa, na chumvi ikiwa imetiwa. Ukiitia motoni joto halipandi sana kupita nyuzi 100 za Selsiasi maadamu maji yamo, inachemka kwa kelele na povu kubwa, halafu kelele inapungua, vipovu vinakuwa vidogo, na hapo mpishi asiondoke hata simu ikilia, manake maji yakiisha joto linaruka ghafla na yale mabaki ya maziwa yaliyotuama chini yanaanza kubadilika, meupe yanakuwa ya dhahabu, ya dhahabu yanakuwa ya kahawia. Harufu yote ya samli nzuri inatoka kwenye hizo dakika chache, protini na sukari ya maziwa zikiungana kwenye moto. Ukiepua mapema samli inakuwa bubu, ukichelewa inakuwa chungu. Hii ya Ami imeepuliwa panapotakikana, ukifunua debe harufu inakufuata mpaka nje mashallah.

Utaona ina chenga chenga na wateja wengine wanalalamika, wanadhani ni ya zamani. Si ya zamani. Mafuta yakipoa polepole fuwele zake, yaani zile chembe zinazoganda, zinapata muda wa kukua zikawa kubwa, yakipozwa kwa haraka zinabaki ndogo na samli inatoka laini, na debe zima likiachwa lipoe lenyewe usiku kucha kwenye joto letu hili linapoa polepole sana. Lakini pia msichukue chenga kuwa ndo cheti cha usafi, kuna duka jingine mjini silitaji jina waliniuzia samli ina chenga nzuri kabisa, inanukia ikiwa baridi, nilipoitia kwenye sufuria ya pilau moto ulipopanda ile harufu ikapotea yote ikabaki mafuta tu ya mboga yasiyo na lolote. Na lile jaribio la kusugua kiganjani halitoshi, mafuta ya mawese nayo yanayeyuka mkononi. Maabara ndo wanaweza kukata shauri, manake mafuta ya maziwa yana asidi ya butiriki, fupi, ya kaboni nne tu, na mafuta ya mawese hayana. Sisi wa jikoni tuna moto na pua: samli ya kweli ukiipasha harufu inazidi, haikimbii.

Nimeipikia nankhatai, zile biskuti za samli, na visheti na hapa ndo nilipoipenda zaidi. Unga wa ngano ukipata maji na kukandwa, protini zake zinashikana zinafanya ule mpira wa gluteni, ambao kwenye mahamri twautaka na kwenye nankhatai hatuutaki hata kidogo. Ukiisugua samli kwenye unga mkavu mwanzo kabisa inavipaka vile vipunje vya unga, unyevu ukija haupati pa kuingia, na ule mpira haufanyiki, ndo nankhatai inamung'unyika mdomoni yenyewe. Samli inaishinda siagi kwa hii kazi kwasababu karibu yote ni mafuta matupu, siagi inakuja na maji yake ndani, yaani unapaka unga mafuta na hapo hapo unaupa maji ya kujenga gluteni. Wanaopasha samli na kuimwagia kwenye unga wa visheti kabla ya kutia maji wanafanya jambo hilo hilo, ikiwa moto inaenea na kufika kila mahali.

Taabu ya samli kwetu ni joto. Mafuta ya maziwa hayayeyuki kwa mpigo mmoja, yamo ya aina nyingi mle ndani, mengine yanalainika hata kwenye friji, mengine yanangoja mpaka 35 hivi. Jikoni kwangu kaskazi ikivuma themomita inasoma 31, 32, maana yake samli imeshakuwa nusu maji kabla sijawasha kitu. Nankhatai ukiziumba na kuzitia oveni hivo hivo zinatandazika kabla unga haujashika, zinatoka bapa zimeungana trei nzima. Dawa yake ni kuziumba, kuzitia kwenye friji na trei yake nusu saa, na oveni iwe imeshapata moto kamili kabla hazijaingia. Ami mwenyewe anawaambia wateja hivo, mie nimemsikia akimweleza dada mmoja aliyekuja kulalamika samli ni mbovu, akamuuliza "jiko lako liko ghorofa ya ngapi mwanangu, lina dirisha?" na kumbe swali lilikuwa mahali pake.

Siagi sasa. Siagi yenyewe haina kosa, kosa ni friji ya Ami, ndogo, inafunguliwa kila dakika, na umeme ukikatika mchana ndo basi. Siagi ni matone madogo madogo ya maji yaliyofungwa ndani ya mafuta, na yanashikiliwa pale na zile fuwele. Ikiyeyuka na kugandishwa tena hairudi ilivyokuwa, maji yanajitenga na fuwele zinajipanga upya kiholela. Ukiibonyeza pakiti na kona zake zikawa zimeporomoka, au ukiifungua ukaona upande mmoja una njano iliyokoza na mwengine mweupe, hiyo imeshapita kwenye mkasa. Nimemwambia, akasema friji kubwa iko njiani inshallah. Ukienda asubuhi anapofungua utapata nzuri.

Na kwa nini nashikilia sana habari ya siagi? Kwasababu ya keki. Keki ya kupiga siagi na sukari inaanza kujengwa pale kwenye bakuli, oveni inamalizia tu. Kila punje ya sukari ina kona kali na inachimba kijishimo cha hewa kwenye siagi, maelfu kwa maelfu, na hizo hewa ndo keki yenyewe. Bekingi pauda haizalishi vipovu vipya, inavipuliza vile ulivyovitia wewe. Siagi ikiwa ngumu sana sukari haipenyi, ikiwa laini sana hewa inatoroka, na pale katikati ni kama 18 mpaka 20. Sasa mapishi mengi tunayoyasoma yameandikwa Uingereza au Marekani, yanasema siagi iwe na joto la chumbani, na chumba chao ni hiyo 20 au chini yake, chumba cha Tudor au Majengo mwezi wa Februari ni 30 na ushee. Kwenye 30 siagi karibu yote imeshakuwa maji, hata uipige na mashini mpaka ipate moto haitashika hewa, keki inatoka nzito ina mstari wa mafuta chini. Mie naitoa friji, naikata vipande, naipiga ikiwa bado na ubaridi ndani ya bakuli la chuma lililolazwa barafu kwanza, na feni imenielekea. Naangalia rangi: ikianza kupauka kutoka njano kwenda karibu nyeupe ujue hewa imeingia. Wanaopika mkate wa mayai wanaepukana na haya yote, hewa yao iko kwenye mayai na mafuta hawayatii kabisa, tena wao mafuta ni adui, nyeupe ya yai ikipata hata alama ya mafuta kwenye bakuli haitafura vizuri.

Kuna wanaosema basi tutumie margarini. Margarini ilibuniwa Ufaransa 1869 na mkemia Hippolyte Mège-Mouriès, serikali ya Napoleon III ilikuwa inataka kitu rahisi badala ya siagi, na ya kwanza ilitokana na mafuta ya ng'ombe. Za siku hizi ni za mimea, na zinazotengenezwa kwa nchi za joto zimepangwa zisiyeyuke haraka, ndo maana zinavumilia jiko letu na zinashika hewa hata kwenye 28. Kwa keki ya kawaida ya kuuza vipande ni sawa kabisa. Ila kwa krimu ya juu ya keki utaisikia, mdomo una 37 tu, mafuta yanayoyeyuka juu ya hapo yanakaa kwenye ulimi na kaakaa hayaondoki, unakula kitu kitamu na bado unahisi umepakwa nta. Mie kwa keki ya harusi nachanganya nusu kwa nusu, siagi kwa ladha na margarini isimame mpaka picha zimalizike.

Mgando Ami anaukata kwa kisu kutoka kwenye boksi na kuupima, na bei yake ni kama robo ya samli. Wengi hawajui kwamba mgando na yale mafuta ya maji ya manjano ya kukaangia mara nyingi ni tunda moja, mawese, yanatoka Malaysia na Indonesia na kushuka hapa hapa bandarini kwetu. Mawese ni karibu nusu mafuta yaliyoshiba na nusu yasiyoshiba. Yale yaliyoshiba molekuli zake zimenyooka, zinalala pamoja na kugandana, yasiyoshiba yana pindo katikati hayawezi kubanana, kwahivo yanabaki maji. Kiwandani wanayapoza taratibu, sehemu ngumu inaganda wanaichuja, inaitwa stearini, na ya maji inaitwa oleini. Mawese pia yana tabia nzuri ya kuganda kwa fuwele ndogo ndogo, ndo maana yanapendwa na waokaji.

Zamani mgando ulikuwa unatengenezwa kwa njia nyingine, ile aliyoisajili mkemia wa Ujerumani Wilhelm Normann mwaka 1902, ya kuyapitishia mafuta ya maji haidrojeni yageuke magumu. Ikiachwa nusu njia inaleta mafuta ya transi, ambayo yameonekana kudhuru moyo, na Shirika la Afya Duniani lilitoa mwito 2018 yaondoshwe kabisa kwenye chakula. Kwahivo mgando wowote ule, kwa Ami au supamaketi, someni lebo ya boksi, mkiona imeandikwa yametiwa haidrojeni nusu uacheni. Ami nilimuomba boksi nilisome akanipa bila kununa, lilikuwa mawese matupu.

Mgando kazi yake ni chapati na hapo hauna mpinzani wa bei. Ukisukuma duara, ukapaka, ukakunja na kuzungusha konokono, unataka ile safu ya mafuta ibaki safu, itenganishe unga na unga mpaka chapati ifike kwenye kikaango. Mafuta ya maji yananywewa na unga pale pale unapoiacha ipumzike, safu zinashikana, chapati inatoka kipande kimoja. Mgando unakaa mahali pake, unayeyuka motoni, mvuke unasukuma safu, inachanika yenyewe ukiipiga makofi. Samli nayo inafanya hivo na ladha ni bora mara kumi, lakini kwa chapati za biashara hesabu haikubali.

Haya, mafuta ya nazi. Yanatoka Kilifi, ya kupikwa kwa tui, harufu yake ukiweka kijiko kimoja kwenye mbaazi nyumba nzima inajua. Nusu ya mafuta ya nazi ni asidi moja, ya lauriki, na jumla yake ni karibu asilimia 90 yaliyoshiba, na kwakuwa yanafanana hivo hayafanyi kama samli ya kulainika kidogo kidogo, yanageuka karibu kwa mpigo kwenye 24, 25. Na hiyo 24 ndo mpaka wa Mombasa! Mwaka mzima yako maji, lakini kusi ikivuma, Julai na Agosti, alfajiri inashuka mpaka 21 au 20 na chupa inaamka nyeupe imeganda, saa nne jua likipanda imekuwa maji tena. Ami anasema kila mwaka kuna wateja wanamrudishia chupa wakidai amechanganya mafuta ya mgando. Hajachanganya, ni kusi tu, tena ikiganda na kuyeyuka haina madhara yoyote.

Ila kuna mambo matatu ya kujua kabla hujanunua lita tano. Kwanza hayo yasiyosafishwa kiwandani yanaanza kutoa moshi kwenye 175 hivi, na mahamri na viazi karai tunavikaanga kwenye 170 mpaka 190, kwahivo karai zima la nazi ni kuyachoma. Samli inavumilia mpaka kwenye 250, mafuta ya maji yaliyosafishwa 220, 230. Pili usiyachanganye na mafuta mengine karaini kwa nia ya kupunguza gharama, mafuta ya nazi yakikutana na ya aina nyingine kwenye moto na unyevu yanafanya povu linalopanda mpaka ukingoni, na povu la mafuta ya moto juu ya jiko la gesi si jambo la mchezo, kuna jiko la jirani lilishika moto hivo hivo. Tatu yakiingia maji yakakaa, ile lauriki inaachana na gliserini na ladha yake inakuwa ya sabuni, chakula kizima kinaharibika. Yatumie kwa vitumbua, kwa kukaangia vitunguu vya mchuzi, kwa kumalizia mbaazi, hapo yanang'ara.

Kwa kukaanga sana chukua mafuta ya maji ya mawese hapo kwa Ami, anayapima kwa lita na yanaonekana masafi, na hapa nataka niseme kitu kwa wenzangu wa kuuza bhajia na viazi. Mahamri yakiingia kwenye mafuta maji yaliyo ndani yanageuka mvuke na kutoka nje kwa nguvu, zile chemchem unazoziona, na maadamu mvuke unatoka mafuta hayaingii. Mafuta mengi yanaingia ukishaepua, chakula kikianza kupoa mvuke wa ndani unarudi maji, unaacha nafasi, na yale mafuta yaliyobaki juu ya ngozi yanavutwa ndani. Kwahivo wewe usirundike mahamri kwenye sinia yajae ndo uanze kuyachuja, yakung'ute kwenye kijiko cha matundu hapo hapo juu ya karai, yapange yamesimama kwenye chujio la waya yangali ya moto. Utaona mwenyewe tofauti kwenye karatasi ya kufungia. Na karai lisiwe na moto mdogo kwa kuogopa kuunguza, mvuke ukiwa dhaifu ngozi inachelewa kushika na mafuta yanaingia kirahisi.

Mafuta mapya kabisa mara ya kwanza hayatoi rangi nzuri, hili wapishi wa viazi karai wanalijua, yakishatumika kidogo ndo viazi vinatoka vya dhahabu, manake vile vitu vinavyotokana na mafuta kuvunjika kwa moto vinafanya kazi ya sabuni kidogo, vinayasaidia mafuta kukigusa chakula chenye unyevu. Lakini ukipitiliza, yanakuwa mazito, yananata ukingoni mwa karai gundi ambayo haitoki hata kwa waya, yanatoa povu lisiloisha na moshi unaochoma macho. Ule mchomo ni akrolini, inatoka kwenye gliserini iliyoungua. Ulaya wana vipimo, Ujerumani na Ufaransa vile vitu vilivyovunjika vikifika asilimia 24 au 25 mafuta yanamwagwa. Sisi hatuna kipimo karaini lakini tuna macho na pua, yakishaanza kukutoa machozi yamwage, hayana nyongeza ya mafuta mapya itakayoyaokoa, ukiongeza mapya juu ya yaliyooza unaharibu mapya.

Jambo moja nililojifunza kwa Ami nikiwa nangoja chenji, na limebadilisha biriani yangu: alimuuliza mteja anafanyaje zafarani, akasema anaipasha kwenye samli. Ami akatikisa kichwa, akamwambia zafarani ni ya maji, iroweke kwenye maji ya vuguvugu au marashi ya kutia chakulani, samli ni ya iliki na mdalasini. Na ni kweli, rangi ya zafarani inayeyuka kwenye maji, kwenye samli inabaki nyuzi nyuzi tu unapoteza pesa, ilhali rangi ya bizari na harufu ya iliki, na hata ukali wa pilipili, vinayeyuka kwenye mafuta, ndo maana viungo tunavikaanga kwanza na ndo maana yale mafuta yaliyokaangiwa vitunguu vya biriani hatuyamwagi, tunayarudisha juu ya wali.

Kasoro nyingine mbali na friji ni kwamba madebe yake hayana tarehe. Nimemuomba abandike karatasi tu imeandikwa siku ilipopikwa, samli inakaa miezi bila tatizo lakini mnunuzi ana haki ya kujua. Foleni Ramadhani ikikaribia ni ndefu kweli na hakuna pa kukaa, ukienda na mtu mzima mtafutie kiti kwa muuza viungo wa jirani, ni watu wema.

Bei ya samli ni juu, mara nne ya mgando kama nilivyosema, ila kwa nankhatai na pilau kilo moja inafika mbali. Analipisha kesh au M-Pesa. Nenda na chombo chako, cha gilasi au bati, kikavu kabisa, chenye kifuniko cha kukaza, manake kwenye mkoba wa boda mpaka ufike Likoni au Bamburi samli imeshakuwa maji na itamwagika. Ikifika nyumbani iache igande yenyewe kabatini, si lazima friji. Anafungua saa mbili asubuhi, Ijumaa anafunga kwa ajili ya swala na kurudi saa nane, Jumapili yuko mpaka adhuhuri.